Hewa iliyo kilomita 25 juu ya kichwa chako ina umri gani? Uzi wa modeli za stratosfia

Kishada:
Wadau, salaam. Juzi kwenye ule uzi wa masika kuna mtu kaandika kwamba modeli za hewa "zinabahatisha tu". Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona nifungue wangu.

Mvua sitaigusa. Nataka twende kule ambako mvua haifiki, stratosfia. Ni tabaka linaloanzia kilomita 16 au 17 juu yetu sisi tulio karibu na ikweta (kule kwenye ncha za dunia linaanza chini zaidi, kilomita 8 au 9) na kuishia kama kilomita 50. Ozoni nyingi iko huko. Hakuna radi, mawingu ni ya kutafuta kwa tochi, na ukavu wake hauna mfano. Ungedhani kuigiza hewa iliyotulia namna hiyo kwenye kompyuta ni kazi ya kitoto. Na mimi nilidhani hivyo, nikaumbuka. Nitawasimulia huko mbele.

Kwanza bashirini: hewa iliyo kilomita 25 juu ya kichwa chako muda huu, mara ya mwisho ilikuwa huku chini lini? Naenda kula, nikirudi tuendelee.

Kibatari:
Nimekaa pale. Kura yangu ni wiki moja. Lile wingu la radi la Aprili linatosha kuirusha hadi huko.

Mama Tunu:
Hewa ina umri? Haya, leo tutaonyeshwa na cheti cha kuzaliwa cha upepo.

Breka Kubwa:
Miezi sita. Nimebahatisha kama modeli.

Kishada:
Nimerudi. Kibatari, wingu la radi huishia mlangoni. Likifika huko kilomita 14, 15 hivi, utaona kichwa kinatandaa kama uyoga. Kuanzia kilomita 17 hivi hewa inazidi kuwa na joto kadiri unavyopanda, kwa hiyo ni kama kifuniko cha sufuria. Mawingu machache yanapenya kidogo, lakini si njia kuu.

Jibu: juu yetu hapa ni kati ya mwaka mmoja na miwili. Kilomita hizohizo 25 juu ya Ulaya, miaka kama minne. Juu ya ncha wakati wa baridi, mitano hadi sita.

Niwape picha. Pale Dagoretti Corner, Nairobi, idara ya hali ya hewa ya Kenya imekuwa ikirusha kila wiki puto la kupima ozoni tangu miaka ya mwisho ya 1990, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi. Nimewahi kusimama pale wakati linaachiwa. Kuna kiboksi cheupe cha povu kinachoweza kukaa mapajani, ndani yake pampu ndogo inayonguruma kama nyuki na vikombe viwili vya maji yenye chumvi ya iodaidi. Hewa ikipulizwa kwenye kikombe, ozoni inakula iodaidi na umeme mdogo sana unapita kwenye waya. Umeme huo ndio kipimo. Mrushaji anashika kamba, anatazama miti ya jirani, anasubiri upepo utulie, anaachia. Puto linapanda kama mita 5 kwa sekunde. Kutoka kilomita 17 hadi 30 linatumia dakika 43 hivi, kisha linapasuka kwa kuvimba.

Sasa hewa yenyewe inayolizunguka puto hilo inapanda pia. Inapanda milimita 0.3 kwa sekunde, yaani kama mita 26 kwa siku. Safari ileile ya kutoka kilomita 17 hadi 30 inaichukua karibu mwaka mmoja na nusu. Hakuna chombo kinachoweza kupima mwendo huo moja kwa moja. Ukikaa ndani ya hewa hiyo hutajua kama unapanda.

Kibatari:
Kama hakuna chombo, mmejuaje?

Kishada:
Hapo ndipo utamu ulipo. Kwa kufuatilia vitu vilivyobebwa. Vinaitwa vifuatilizi: gesi ambayo unajua ilikotoka, na ama haibadiliki njiani ama unajua inabadilikaje.

Wa kwanza kushtuka ni Gordon Dobson wa Oxford. Ozoni hutengenezwa na jua kali, kwa hiyo ingejaa juu ya ikweta. Akipima, akawa anaikuta nyingi zaidi karibu na ncha, tena wakati wa majira ya kuchipua. Halafu Alan Brewer, ambaye wakati wa vita alipanda na ndege kupima unyevu juu ya Uingereza, akakuta hewa ya stratosfia ni kavu kupita kiasi. Mwaka 1949 akaandika hoja yenye mantiki ya mama wa nyumbani: hewa kavu hivyo lazima ilipita mahali penye baridi kali kiasi cha kugandisha unyevu wote ukadondoka, na mahali pa namna hiyo ni juu ya ikweta tu, ambako baridi inakaribia nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa inaingilia kwetu, inapanda, inasambaa kuelekea ncha zote mbili, inashuka huko. Mzunguko huo leo unabeba majina yao wote wawili, Brewer na Dobson.

Yaani mlango wa stratosfia ya dunia nzima uko juu ya watu kama sisi, Wakongo, Waindonesia na Wabrazili. Hatuutozi hata ushuru.

Mama Tunu:
Mkuu Kishada, nimekubali. Cheti cha kuzaliwa kipo.

Kishada:
Ni dada, si mkuu. Ila endeleeni tu, nimeshazoea.

Mama Tunu:
Ewaa! Mwanangu tiririka, tupo.

Fundi Gesi:
Dada Kishada, mimi ni fundi wa majokofu na AC miaka 22 sasa. Tulifundishwa kwamba gesi za R12 na R11 zilipigwa marufuku kwa sababu zinaharibu ozoni. Swali ambalo sijawahi kujibiwa nikaridhika: R12 ni nzito kuliko hewa. Ukiiachia chumbani inalala chini, inaweza hata kukukaba pumzi. Inapandaje kilomita 25?

Kishada:
Fundi, hilo swali limewahi kutumiwa na watu wazima, tena wenye tai, kudai kwamba habari yote ya ozoni ni uongo. Kwa hiyo si dogo.

Chumbani kwako hewa imetulia na gesi imemwagika nyingi kwa mara moja, ndiyo maana inalala. Ikishatoka dirishani, upepo unaivuruga. Molekuli moja ya R12 katikati ya mabilioni ya molekuli za hewa haina uzito wa kujiamulia njia, inakwenda hewa iendako. Vumbi la Sahara ni zito kuliko gesi yoyote na linavuka Atlantiki. Uzito wa gesi unaanza kuleta kutengana kwa maana huko kilomita 100, ambako hewa imekuwa nyembamba mno.

Kwa hiyo R12 uliyoiachia miaka 20 iliyopita (sikutuhumu) ilitapakaa dunia nzima huku chini, ikasubiri zamu yake mlangoni. Kila mwaka kafungu kadogo kanapanda. Kakifika kilomita 25, 30 kunakuwa na miale ya jua ambayo huku chini haifiki, inaipasua, klorini inatoka. Kwa sababu mlango ni mwembamba na mwendo ni wa konokono, R12 inaishi hewani kama miaka 100, R11 kama miaka 50. Umri huo hauamuliwi na kemia peke yake. Unaamuliwa na jinsi hewa inavyochelewa kufika juu.

Fundi Gesi:
Miaka 22 nilikuwa nangoja jibu hilo. Na sikatai kwamba niliachia, enzi hizo hatukuwa na mashine za kuvuta gesi, unafungua kokwa tu inapiga mluzi.

Breka Kubwa:
Mimi niko kituo cha kupoza umeme. Breka zetu za volti kubwa zina gesi ya SF6. Hiyo nayo mnaifuatilia?

Kishada:
Breka, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri bila kujijua!

SF6 ni kipenzi chetu. Karibu yote ni ya kutengenezwa kiwandani, inavuja kidogo kidogo kutoka kwenye breka kama zako, na haivunjiki hadi ifike juu sana. Katika kila molekuli trilioni moja za hewa, SF6 zilikuwa kati ya 3 na 4 miaka ya katikati ya 1990. Sasa zimepita 11. Inapanda kila mwaka kwa mstari karibu ulionyooka. Kwa hiyo ni saa. Puto likichota hewa ya kilomita 25 juu ya Sweden, ukaipima maabara, ukakuta kiwango ambacho huku chini kilikuwepo miaka minne na nusu iliyopita, basi hewa hiyo ina miaka minne na nusu. Dioksidi ya kaboni tunaitumia kwa namna hiyohiyo, ila yenyewe inacheza na misimu kwa hiyo inataka uangalifu.

Kabla ya hapo kulikuwa na vifuatilizi vya kutisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalitupa vitu vya mionzi stratosfia, na mwaka 1958 Wamarekani walipolipua yao Bahari ya Pasifiki palitoka tungisteni-185, aina isiyopatikana kwa asili, kwa hiyo ukiikuta popote unajua imetoka wapi na lini. Watu wa hali ya hewa wakaifuata kama mbwa wa polisi. Elimu nzuri iliyopatikana kwa njia mbaya.

Mlevi wa Hesabu:
Subiri kwanza. Kipande cha hewa si gari moja lenye namba. Molekuli zimechanganyika njiani. Umri unaoutaja ni wastani tu. Wastani unaweza kudanganya.

Kishada:
Umegonga msumari. Fikiria sinia la wali: umepakua wa leo, ukachanganya na kiporo cha jana, na kule pembeni kuna punje za Jumapili iliyopita. Nikikuambia wali huu una umri wa siku moja na nusu, sijasema uongo, ila hakuna punje hata moja yenye umri huo.

Hewa ya juu ni hivyohivyo. Ndani ya chupa moja kuna molekuli zilizoingia mwaka jana na nyingine za miaka kumi nyuma. Mgawanyo wake una nundu upande wa umri mdogo na mkia mrefu sana upande wa uzee. Mkia huo ndio unaovuta wastani. Tim Hall na Alan Plumb waliipanga hesabu hii vizuri mwaka 1994, na tangu hapo umri wa hewa umekuwa mtihani ambao kila modeli ya stratosfia lazima ifanye. Modeli inaweza kukuonyesha upepo mzuri, joto zuri, ramani za kupendeza, kisha ukaiuliza umri wa hewa ikatoa jibu la aibu.

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Mwaka wa kwanza wa shahada ya pili, mbali na nyumbani, nilipewa kazi iliyoonekana ya kunionea huruma: chukua pepo za dunia zilizokwisha kuchakatwa, zile ambazo vituo vikubwa hutengeneza kwa kuunganisha vipimo na modeli, zitumie kubebea kifuatilizi kinachoongezeka kila siku huku chini, endesha miaka 20, soma umri. Kompyuta ikakoroma wiki tatu. Siku ilipomaliza nikachora ramani, ikatoka rangi nzuri ajabu, nikaikimbiza kwa msimamizi wangu. Akaitazama, akaniuliza kwa upole, "Hii hewa ya ncha ya kaskazini mbona ina miaka miwili na nusu?" Ilitakiwa iwe na mitano. Mzee wangu alikuwa mtoto.

Nilijilaumu wiki nzima nikitafuta kosa kwenye programu yangu. Lilikuwepo moja la kijinga (baadhi ya vyumba vilikuwa na gesi hasi, nitaeleza), lakini la msingi halikuwa langu. Lilikuwa kwenye upepo wa juu-chini.

Tazama. Huko juu upepo wa kwenda mashariki au magharibi ni mita 30 kwa sekunde bila shida. Upandaji tunaoutafuta ni milimita 0.3. Mara laki moja pungufu! Na si hilo tu. Kila dakika kuna mawimbi madogo yanayoinua na kushusha hewa kwa sentimita kadhaa kwa sekunde, inapanda inashuka inapanda inashuka, mwisho wa siku imerudi palepale. Mimi nilikuwa nachukua picha ya upepo kila baada ya saa sita. Kwa hiyo nikinasa kipande kinapanda, nakipandisha saa sita nzima, wakati kwa kweli kilipanda dakika ishirini kikarudi. Kelele hiyo ikageuka kijiko: ikakoroga stratosfia yangu juu na chini, hewa mpya ikafika kwa njia za panya, umri ukaporomoka. Wenzetu walishaliandika tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi sikuwa nimesoma. Somo la kusoma kabla ya kuendesha nililipata kwa bei ya wiki tatu za umeme wa watu.

Mlevi wa Hesabu:
Dawa yake?

Kishada:
Dawa ninayoipenda mimi ni kuacha kabisa kuuliza upepo wa juu-chini. Uliza joto. Hewa ya stratosfia haiwezi kupanda ikabaki huko juu isipopewa joto na mionzi, na haiwezi kushuka moja kwa moja isipopoteza joto. Mawimbi yanayotikisa hayatoi wala kuchukua joto la maana, kwa hiyo yanajifuta yenyewe. Ukipanga ngazi za modeli kwa joto ambalo hewa ingekuwa nalo ikishushwa hadi huku chini (potential temperature) badala ya kilomita, ule mtikisiko unatoweka na unabaki na upandaji halisi, ule wa konokono. Modeli ya CLaMS ya Jülich, Ujerumani, inakwenda kwa mtindo huo. Tena haina hata vyumba: inaachia mamilioni ya vipande vya hewa vitembee, inavichanganya pale tu vinapokuwa vimevutwa na kunyooshwa kupita kiasi.

Kuhusu gesi hasi. Modeli nyingi zinagawa anga kwa gridi, tuseme vyumba vya kilomita 100 kwa 100, urefu kwenda juu kilomita 1. Kwa upepo wa mita 30, hewa inavuka chumba kwa dakika 55, kwa hiyo kwa njia za kawaida hatua yako ya muda lazima iwe chini ya hapo, la sivyo hesabu inalipuka. Sharti hilo liliandikwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kabla ya kompyuta. Kwenda juu, chumba hichohicho kinavukwa kwa siku 39. Sasa kila hatua unapohamisha gesi kutoka chumba kwenda chumba, unalazimika kukisia imekaaje ndani ya chumba. Ukikisia kwamba imesambaa sawasawa, kila hatua inatapanya kidogo, na baada ya hatua elfu kumi mpaka uliokuwa mkali umekuwa kama wino kwenye karatasi mbovu. Ukitumia mbinu kali zaidi, mpaka unabaki mkali lakini unarukaruka pembeni, na hapo ndipo unapokuta chumba chenye gesi pungufu ya sifuri. Godunov alithibitisha mwaka 1959 kwamba mbinu za mstari haziwezi kukupa vyote viwili. Michael Prather mwaka 1986 akaja na yake: kila chumba kikumbuke namba kumi kuhusu jinsi gesi ilivyoinama na kupinda ndani yake. Inakula kumbukumbu ya kompyuta kama nzige, lakini mipaka inabaki.

Na mipaka ni muhimu, si urembo. Kule juu kuna kuta zisizoonekana. Hewa ya ikweta inapanda kama ndani ya bomba, ukuta wake unavuja kidogo tu. Nje ya bomba, katika latitudo za kati, kuna eneo ambako mawimbi makubwa yanavunjika kama kwenye mwamba wa bahari na kuchanganya kila kitu. Halafu ncha nayo ina kisulisuli chake cha majira ya baridi kilichojifungia. Modeli inayotapanya inabomoa kuta hizo zote bila kuaga.

Kibatari:
Kuna kitu sijaelewa. Nani anasukuma huo mzunguko? Nilidhani ni jua, hewa ya moto inapanda.

Kishada:
Kila mtu anadhani hivyo, lakini hapana. Ni mawimbi. Upepo wa huku chini ukigonga milima ya Himalaya na Rocky, na joto la nchi kavu likitofautiana na la bahari, yanatokea mawimbi makubwa yanayopanda hadi stratosfia wakati wa baridi ya kaskazini. Yakivunjika huko yanaupiga breki upepo unaozunguka ncha. Dunia inazunguka, kwa hiyo hewa iliyopigwa breki haina budi kusogea kuelekea ncha na kushuka, na nafasi yake inajazwa na hewa iliyonyonywa kutoka kwetu. Ni pampu, mpini wake uko kaskazini, sisi ndio kisima. Ndiyo maana Januari na Februari hewa inapanda kwa nguvu zaidi juu ya ikweta, mlango unakuwa baridi zaidi, na hewa inayoingia ni kavu zaidi. Agosti inaingia yenye unyevu kidogo zaidi.

Ukichora mvuke wa maji juu ya ikweta unaona mistari: kavu, nyevu, kavu, nyevu, ikipanda taratibu mwaka hadi mwaka. Mwaka 1996 Philip Mote na wenzake waliionyesha kwa vipimo vya setilaiti na kuifananisha na mkanda wa kaseti: mlango unarekodi, bomba linavuta mkanda juu. Waliokulia enzi za kaseti watanielewa. Mtihani wa pili wa modeli ni huo. Mkanda ukienda haraka au sauti ikififia mapema, modeli yako mbovu.

Msukuma wa Ziwani:
Umetaja pepo za huko juu ya ikweta. Marehemu babu alisimuliwa na baba yake kwamba Wajerumani waliwahi kurusha maputo ziwani. Tukadhani ni chumvi za wazee.

Kishada:
Si chumvi! Mwaka 1908 Arthur Berson alileta msafara kutoka Prussia hadi Afrika Mashariki, akarusha maputo yenye vipimo juu ya Ziwa Victoria. Akakuta huko juu, karibu na mwanzo wa stratosfia, upepo unatoka magharibi. Ikawa kitendawili, kwa sababu mwaka 1883 volkano ya Krakatau huko Indonesia ilipolipuka, vumbi lake lilizunguka ikweta kwa takriban wiki mbili likisukumwa na upepo wa kutoka mashariki. Nusu karne vitabu vikawa vinachora pepo zote mbili moja juu ya nyingine, kila mtu apewe haki yake.

Jibu lilikuja 1960 na 1961, Richard Reed Marekani na Waingereza Veryard na Ebdon kila upande kivyake: pepo hizo zinapokezana. Karibu kila miezi 28 zamu inakamilika, mashariki, magharibi, na kila zamu inaanzia juu na kushuka kama kilomita moja kwa mwezi. Kifupi chake QBO. Krakatau alisema kweli na Berson alisema kweli. Kila mmoja alifika kwa zamu yake.

Modeli nyingi zilishindwa kwa miaka kuzalisha zamu hiyo zenyewe, na hata leo baadhi zinasukumwa kwa mkono. Na mwanzoni mwa 2016 zamu yenyewe ilikatika katikati, jambo ambalo halijawahi kuonekana tangu vipimo vianze miaka ya 1950, na utabiri haukuliona. Likajirudia 2019 kuelekea 2020. Kwa hiyo yule jamaa wa uzi wa masika namkubalia nusu.

Mlevi wa Hesabu:
Umeanza kukiri. Haya, mbona modeli zinasema mzunguko utaongeza kasi kwa sababu ya joto la dunia, na maputo hayaoni?

Kishada:
Naona umesoma kabla ya kuja. Ndiyo. Modeli zinakubaliana kwamba mzunguko unaharakisha asilimia 2 hadi 3 kila muongo, yaani hewa ingekuwa inazidi kuwa changa. Mwaka 2009 Andreas Engel na wenzake wakatoa vipimo vya maputo kuanzia 1975: umri haukupungua, kama kuna kitu uliongezeka kidogo. Kelele ikawa kubwa. Yapo maelezo kadhaa na yote yana ukweli fulani. SF6 huharibiwa kidogo huko juu kabisa, kwa hiyo saa inaonyesha uzee wa ziada. Maputo ni machache. Kuchanganyika kwenye kuta za bomba kunaizeesha hewa, kwani iliyokwisha kutoka inarudishwa ndani na kuzungushwa tena. Mimi binafsi nadhani modeli ziko sahihi kwa mwelekeo na zina jeuri kwa namba. Ukinibana zaidi nitakimbia.

Fundi Gesi:
Haya yote yanatusaidia nini sisi wa mtaani, ukiacha utamu?

Kishada:
Nakupa la fani yako. Mwaka 2018 waliopima hewa waligundua R11 haishuki kwa kasi iliyotakiwa tangu 2012 hivi, wakati ilishapigwa marufuku kila mahali. Ama kuna mtu anaitengeneza kwa siri, ama stratosfia imebadili mwendo, inaiharibu polepole na kuturudishia hewa yenye R11 nyingi. Maana ile zamu ya pepo ya QBO peke yake inatosha kuchezesha kiwango cha R11 huku chini. Huwezi kumkamata mwizi mpaka uondoe mchezo wa upepo. Modeli zikaendeshwa, sehemu ya upepo ikatolewa, ikabaki sehemu isiyo na maelezo ila kiwanda. Mwaka 2019 vipimo vya Korea na Japani vikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitoka mashariki mwa China. Baada ya hapo ikashuka.

Mama Tunu:
Kumbe upepo unakuwa shahidi mahakamani.

Kishada:
Shahidi mwenye kigugumizi, lakini ndiyo.

Na Januari 15, 2022 tulipewa kifuatilizi ambacho hakuna bajeti ingekinunua. Volkano ya Hunga huko Tonga ililipuka chini ya bahari, ikarusha moshi hadi kilomita 57 na kuingiza stratosfia mvuke kama tani milioni 150, yaani karibu asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwa huko, bila kupita kwenye mlango wa baridi. Siku chache baadaye wenzetu wa kisiwa cha Réunion, hapo jirani mwa Madagaska, wakarusha maputo kulikuta wingu likipita juu yao. Kwa mwendo niliowaeleza, maji hayo hayatoki kwa mwezi wala kwa mwaka. Modeli ya kazini kwetu sasa inafanya mtihani huo, imeanza usiku wa jana.

Breka Kubwa:
Dada, swali la mwisho. Sasa tunaambiwa tuzibe kila uvujaji wa SF6, na Ulaya wameanza kupiga marufuku breka mpya zenye gesi hiyo. Ikikoma kuongezeka, saa yenu itakuwaje?

Kishada:
Itasimama, na tutatafuta nyingine. Zibeni tu. Tani moja ya SF6 inapasha dunia joto kama tani zaidi ya 20,000 za dioksidi ya kaboni. Siwezi kukuombea uvujishe ili nijue saa.

Breka Kubwa:
Nimetoka zamu saa hizi. Nimepita kwenye breka namba 4, ile inayotusumbua. Mshale wa geji umesogea chini kidogo tangu Jumatatu. Nimeandika kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza nimetazama juu.

Kishada:
Ya Jumatatu bado ipo huku chini na wewe. Modeli imefika mwezi wa nane. Hakuna chumba chenye gesi hasi mpaka sasa.